Mstari wa Pili

Tangazo la msiba wa Luvanda lilinifikia mara saba kwa siku moja. Lilikuja kwenye kundi la wanafunzi wake wa zamani, likaja kwenye kundi la kanisa, likaja hata kwenye kundi la wapangaji wa jengo ninamofanyia kazi, ambako hakuna aliyemjua isipokuwa mimi. Mengine yalitumwa na watu waliodhani wao ndio wa kwanza kuniambia. Picha ilikuwa ileile: Luvanda kavaa koti la kijivu, anatabasamu kama mtu aliyeombwa atabasamu, na chini yake maneno kwamba msiba uko Ipogolo, Iringa, na mazishi ni keshokutwa saa nane mchana. Simu ikaniuliza kama ifute picha zinazofanana ili kupata nafasi. Nikabonyeza hapana. Sikulia. Nilimaliza chai yangu, nikajibu barua pepe mbili za kazi, kisha nikaenda chumbani, nikafungua sanduku la chini ya kitanda na kutoa daftari moja la shule lenye jalada la bluu na jedwali la kuzidisha nyuma yake. Nilikuwa nimelificha humo kwa miaka mingi, na kila nilipohama nyumba nilihama nalo. Nikalitia kwenye mkoba. Mpaka hapo nilikuwa bado sijaamua kitu.

Mwaka ninaousimulia niliumaliza karibu wote ndani ya chumba kimoja, juu ya duka la pembejeo pale Uyole, Mbeya. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha chuo ambacho bado kilinuka wino. Kwetu na kwa wazazi wangu sitakwenda, hawahusiki na hili. Chumba kilikuwa na madirisha mawili yasiyofunga sawasawa, meza mbili, na kabati la chuma lililohifadhi sukari, majani ya chai na seva yetu ya majaribio, kwa mpangilio huo wa umuhimu. Harufu ya mbolea na dawa za mahindi ilipanda kutoka chini kupitia nyufa za sakafu ya mbao, na baada ya mwezi mmoja sikuisikia tena ila nikifika nyumbani, kwenye nguo zangu. Malori ya kwenda Tunduma yalipopita, kioo cha kompyuta yangu kilitetemeka. Luvanda alifanya kazi na koti mwilini mwaka mzima, hilohilo la kijivu au mwenzake, na mimi nilijifunga khanga juu ya sweta nikaonekana kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Saa saba mama mmoja wa chini alituletea ndizi za kupika na maharage. Luvanda alikuwa Mhehe, na kila siku alilalamika kwamba sisi Wanyakyusa tungempa ndizi hata siku ya kiama, kisha akala zake na kumalizia zangu.

Alikuwa ameanzisha tovuti ya matangazo ya watu wa Nyanda za Juu. Makundi ya simu yalikuwa bado hayajaja. Mtu akifiwa Mbeya na ndugu yake yuko Dar au ng'ambo, ndugu huyo alifungua ukurasa wetu kujua nani kafa na mazishi ni lini. Harusi zilikuwepo, vikao vya ukoo vilikuwepo, mbegu za viazi kutoka kituo cha utafiti zilikuwepo, lakini kilichosomwa kuliko vyote ni misiba. Luvanda alilijua hilo na alilichukulia kwa uzito wa mtu wa kanisa. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, nami nilimwita kaka. Yeye aliniita Sekela, jina langu, au fundi, siku nilizofanya vizuri.

Tulitumia fremuweki, yaani kiunzi ambacho watu wengine wamekwisha kukijenga, wewe unaingiza vyumba na milango yako. Kiunzi chetu kilikuwa imara lakini kilikuwa na tabia ya fundi asiyezoa mabaki yake. Kila kilipozunguka kuorodhesha majina kwenye ukurasa kiliacha mistari mitupu, na kila sharti lisilotimia liliacha pengo. Watu nao walinakili matangazo yao kutoka kwenye programu za kuandikia barua, yakaja na tagi za HTML, alama za kupanga maandishi, zilizofunguliwa bila kufungwa, aya zisizo na neno hata moja, na rangi ambazo hakuna aliyeziomba. Mtandao ukichelewa walibonyeza kitufe cha kutuma mara mbili, mara tatu, na tangazo likatoka mara tatu. Kwenye simu ndogo za wakati ule msomaji alishuka na kushuka katika weupe mtupu akitafuta jina la marehemu. Basi Luvanda akanipa kazi yangu ya kwanza ya kweli: niandike kichujio cha kusimama mlangoni, ili kila ukurasa unaotoka kwenye seva kwenda kwa msomaji upite kwangu kwanza, nifunge kilichoachwa wazi, nitoe kilicho kitupu, nipange kila tagi ndani ya mwenzake kwa nafasi zinazolingana. Tulikiita Fagio. Aliniambia kwamba hata kama hakuna msomaji atakayefungua chanzo cha ukurasa, siku mtu wa kazi yetu akikifungua, akute uwanja umefagiliwa.

Alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka nikaichoka. Kilichoandikwa na watu, kule kwenye hifadhidata kinakotunzwa, hakiguswi. Sisi tunasafisha kinachotoka tu. Alisema mtu aliyefiwa akikosea herufi, kosa lile ni lake. Na kwa kuwa aliamini karatasi kuliko kompyuta, alichukua daftari langu la bluu wakati tunakula, akalisukumia mbali na sahani ya ndizi, na kuniandikia humo kwa mkono wake mambo yote ambayo Fagio lifanye, moja baada ya jingine. Namba nne ilihusu marudio: tangazo zima likijirudia, nitoe la pili. Kulikuwa na maneno mengine mafupi baada ya hapo. Niliyasoma siku ile, nikasema sawa kaka, nikaendelea kula.

Fagio lilikamilika kwa wiki tatu. Luvanda alifungua ukurasa wa zamani upande mmoja na mpya upande wa pili, akazishusha zote mbili polepole, kisha akasema, "Fundi." Hilo tu. Sifa zikanipanda kichwani. Nikawa natafuta cha kufagia. Siku moja likaja tangazo la kikao cha ukoo lenye maneno "wote mnakaribishwa" mistari minne mfululizo, na likaniudhi kama doa kwenye kitambaa cha meza. Luvanda hakuwepo, alikuwa ameanza kwenda Iringa kutengeneza ofisi yetu ya pili pale Ipogolo. Nikaongeza sheria yangu mwenyewe: ndani ya tangazo, mstari wowote unaofanana na wa juu yake, usitoke. Daftari halikusema hivyo. Niliijaribu kwa matangazo matatu, yote yakatoka safi, nikanywa chai. Sikumwambia. Nilidhani ataiona mwenyewe na kusema tena lile neno lake.

Mke wake, Atu, alimfuata Iringa miezi ya baridi ilipokaribia. Binti yao wa miaka sita walimwacha kwanza Ilomba, hapohapo Mbeya, kwa bibi yake mzaa mama, mpaka muhula wa shule uishe. Mtoto alikuwa amerithi jina la bibi huyo, Tusajigwe. Kwao Atu, aliyerithi jina hurithi na heshima yake. Anyosisye, kaka yake Atu, mtu mzima mwenye ndevu, alimwita yule mtoto mama na kumwamkia shikamoo, na mtoto aliitikia marahaba bila kucheka, kwa kuwa alijua ni haki yake. Nyumbani hawakusema Tusajigwe mkubwa na mdogo. Walikuwa Tusajigwe wote wawili, na ulijua anayeitwa kwa sauti iliyotumika. Wazazi wake tu ndio walimkatisha jina wakamwita Tusa.

Bibi alimleta ofisini mara moja, wamebeba ndizi mkungu mzima. Bibi alikaa kwenye kiti changu akisema kiti kinazunguka kama dunia ya leo. Mtoto alisimama karibu na mimi akiangalia kioo, akaniuliza Fagio linafagia nini. Nikamwambia linafagia vitu vitupu, visivyo na kazi.

"Vinaenda wapi?"

"Haviendi popote. Havionekani tu."

Hakuridhika, akarudi kwa bibi yake. Nakumbuka alikuwa na soksi zisizofanana, moja nyekundu na moja ya shule.

Mbeya ya mwezi wa sita haihitaji maelezo kwa aliyeishi kule. Kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia ili joto lisitoke. Kila mwaka husikika habari ya waliolala hivyo wasiamke, na kila mwaka watu hufanya vilevile, maana baridi iko leo na habari ilikuwa ya watu wengine. Hata mimi nilifanya.

Asubuhi ile nilifika ofisini nikakuta tangazo jipya limekwisha kupanda lenyewe. Msiba Ilomba. Chini ya neno marehemu, mstari mmoja: Tusajigwe, Ilomba. Kisha jina la Anyosisye aliyelituma, na maelekezo ya nyumba. Nilishika kichwa. Nilikuwa bado nimekishika Luvanda alipopiga simu kutoka Ipogolo, kelele za stendi nyuma yake.

Alisema shemeji yake kampigia, kasema bibi ametutoka usiku. Kwa sauti ya chini, nadhani ili Atu asisikie, akaniambia kwamba alipouliza habari za Tusa, Anyosisye alijibu njooni tu, mengine mtayakuta. Nilielewa alichoogopa. Kwetu msiba hausemwi wote kwenye simu. Mtu aliye safarini hupewa kipande anachoweza kukibeba, kingine anawekewa nyumbani. Kwa hiyo mtu akiambiwa njoo tu, hujiuliza kilichobaki ni kipi.

"Nimefungua ukurasa," akasema. "Naona mstari mmoja. Ni bibi. Wewe unaona nini?"

"Naona mmoja, kaka. Ni bibi tu."

"Tangazo halijakatika?"

"Halijakatika. Fagio limelipitisha vizuri."

Akashusha pumzi ndefu mpaka nikaisikia kwenye simu. Akasema Mungu ni mkubwa, akamgeukia Atu, na kabla hajakata nilimsikia akimwambia, mtoto yupo, mama Tusa, mtoto yupo. Hifadhidata ilikuwa mbele yangu. Ningeifungua ningeona tangazo kama Anyosisye alivyoliandika, ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Haikunijia akilini, kwa sababu nilikiamini nilichokuwa nimekiandika mwenyewe.

Nilifika Ilomba kabla yao. Uwanja ulikuwa umejaa, wanawake mikekani, wanaume kwenye mabenchi, masufuria ya maharage yamekwisha kuinjikwa. Niliingia ndani kutoa heshima. Majeneza yalikuwa mawili, yamewekwa sambamba juu ya meza za kanisa, moja refu na moja fupi. Niliyahesabu, kisha nikayahesabu tena. Ganzi ilinianzia midomoni ikashuka mikononi, na naomba nieleweke, sisemi hivyo kuonyesha uchungu. Sikuhisi chochote. Nilitoka nje nikaketi kwenye mkeka, na nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wanazungumza taratibu huku wakichambua mchele. Mmoja aliuliza kama wazazi wa mtoto wanajua. Mwingine akasema wanajua, Anyosisye aliandika kwenye mtandao wa baba yake mwenyewe, ameandika wote wawili, yeye alikuwepo akiandika.

Walishuka kwenye gari saa tisa. Atu alikuwa anamlilia mama yake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujua anacholilia. Luvanda alikuwa amemshika kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika mfuko wa nailoni, ndani mlikuwa na sweta mpya ya shule. Watu walimsogelea kumpa pole naye aliitikia, lakini macho yake hayakuwa kwenye nyuso zao. Alikuwa anaangalia chini, katikati ya miguu ya watu, kwenye kimo cha mtoto. Alimwona Anyosisye akamuuliza Tusa kawekwa nyumba gani, mbona hajatoka kuwapokea. Anyosisye alishangaa. Kisha akamshika mkono akampeleka ndani, na mimi nikageuza uso nikaangalia sufuria. Sauti nilizisikia. Sitaziandika.

Kesho yake nilifungua hifadhidata. Anyosisye alikuwa ameandika Tusajigwe, Ilomba, na chini yake Tusajigwe, Ilomba. Kwake halikuwa jambo la kueleza. Mtaa mzima ulijua Tusajigwe ni wawili. Fagio liliangalia mstari wa pili, likaona unafanana na wa juu yake, likauondoa, kama nilivyoliagiza. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Wazo lililonijia, na naliandika kwa aibu, halikuwa la mtoto wala la wazazi wake. Niliwaza kwamba labda Luvanda hatakumbuka.

Alirudi kazini baada ya wiki tano, amekonda, koti limekuwa la mtu mwingine. Hakuketi kwenye meza yake. Alivuta kiti cha pembeni akakaa karibu na mimi, akaomba nimfungulie Fagio. Alilisoma lote tangu juu, bila haraka, kidole kikifuata mistari kwenye kioo. Alipofika kwenye ile sheria kidole kikasimama. Chini kwenye duka mtu alikuwa anabishana juu ya mbegu. Nilijua nitaulizwa kwa nini niliandika vile, na nilikuwa na jibu, nilikuwa nimelipanga wiki zote tano: nitasema kweli. Hakuniuliza hivyo.

"Hii ya mstari kujirudia," akasema, "ni mimi niliyekuambia. Si ndiyo?"

Alikuwa amekwisha kunijibia. Mlango ulikuwa wazi, nami nikapita.

"Ndiyo, kaka."

"Niliandika kwenye daftari lako."

"Ndiyo."

"Liko wapi?"

"Sijui. Nilipohama chumba sikuliona tena."

Lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya meza, limegusa kiatu chake. Akatikisa kichwa taratibu. Akafuta ile sheria, mistari sita, akahifadhi, akajaribu ukurasa wa Ilomba, na majina mawili yakatoka, moja chini ya jingine. Aliyaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nisijilaumu, mimi nilifanya nilichoagizwa. Aliponiambia hivyo ndipo nilipopaswa kusema. Hata kesho yake ningeweza, na keshokutwa. Lakini uongo ukilala siku moja huamka umekuwa mwenye nyumba, na mimi nikawa mpangaji wake.

Tovuti ilifungwa kabla ya mwaka kuisha. Luvanda alibaki Ipogolo, akafundisha kompyuta kwenye darasa dogo karibu na barabara kuu, na walimzalia Tusa wadogo wawili ambao hakuwaona. Mimi nilirudi Mbeya mjini, nikapata kazi, nikapanda cheo, na leo wenzangu wananisifu kwamba sina haraka, kwamba kabla sijafuta kitu nauliza mara tatu. Hawajui nilikojifunzia. Kila mwaka mpya Luvanda alinitumia salamu. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine, aliniuliza kwenye simu kama lile daftari halikuonekana. Nikasema halikuonekana. Akasema haya, asante, akauliza habari za watoto. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja mapema, nikayapa kazi nyingi ili yasipate nafasi ya kusema.

Nilifika Ipogolo siku ya mazishi, basi likiwa limechelewa, wakati watu wanarudi kutoka makaburini. Nililala pale. Siku ya tatu wageni wengi walikuwa wameondoka, na Atu, ambaye mpaka leo wote wanamwita Mama Tusa ingawa ana watoto wengine, alinikaribisha chumbani kwake tule pamoja. Chumba kilikuwa na kitanda, viti viwili vya plastiki na kabati ambalo mlango wake ulishikizwa kwa kitambaa. Koti la kijivu lilining'inia kwenye msumari. Binti mmoja wa jirani alituletea ugali, maharage na mchicha, akatunawisha, akaenda zake. Tulianza kula. Mama Tusa alikuwa mtulivu kama watu wanavyokuwa siku ya tatu, machozi yamekwisha na msiba wenyewe haujaanza.

Akaanza kuzungumza mwenyewe. Aliniambia nisishangae wakinikumbuka sana pale nyumbani, jina langu lilitajwa kila mwaka. Kila ulipofika mwezi wa sita Luvanda alikuwa hawezi kula. Alikaa kwenye kiti kile, akaonyesha kile nilichokalia, na akasema maneno yaleyale. Nikamuuliza maneno gani, ingawa sikutaka kujua.

"Alikuwa anasema, yule binti alifanya nilichomwambia. Ni mimi niliyemwambia. Pale stendi nilikuonyesha simu nikakuambia mtoto yupo, na aliyemfuta ni mimi." Mama Tusa akakata tonge, hakulila. "Nikamwambia baba Tusa, mtoto hakufa kwa simu, alikufa kwa mkaa. Hakusikia. Amekwenda nalo kaburini."

Niliweka mkono wangu kando ya sahani, nikanawa, nikajifuta. Vidole vilikuwa na ganzi ileile ya Ilomba. Nilivuta mkoba nikatoa daftari nikaliweka kwenye kitanda, kati yetu. Akalitambua kwa jalada. Akaniambia kwamba hilo ndilo ambalo baba Tusa alikuwa akilitafuta, alikuwa akisema la bluu, lina jedwali nyuma. Akaliokota, akafungua, akausogeza ukurasa mbali na macho, akaurudisha karibu.

"Miwani siioni. Nisomee."

Nikamsomea namba nne, kwa mwandiko wa mume wake: "Tangazo zima likijirudia, toa la pili. Mstari mmoja mmoja usiguse. Huwezi kujua."

Nje mtu alikuwa anakusanya viti vya kukodi, anavipanga kimoja ndani ya kingine.

"Kwa hiyo hakusema," akasema.

"Hakusema. Alikataza. Niliongeza mimi, kwa akili yangu."

"Na daftari ulikuwa nalo."

"Siku zote, dada."

Nilingoja anitukane, nilingoja anifukuze, na nadhani ningemshukuru. Alilifunga daftari, akapitisha kiganja juu ya jalada kama mtu anayefuta vumbi. Kisha akanirudishia.

"Mimi usinisomee tena. Kesho kabla hujapanda basi utakwenda ukamsomee mwenyewe. Kwa sauti."

Tulikwenda asubuhi, sisi wawili tu. Makaburi ya pale yako chini ya mlima, juu kidogo ya barabara kuu, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi, mashada yameanza kunyauka. Mama Tusa alisimama upande wa kichwa. Nilifungua daftari nikasoma, na sikusoma namba nne peke yake, nilianza namba moja, kufunga tagi zilizoachwa wazi, kutoa aya tupu, mambo ambayo yeye hakuyaelewa na hakunizuia. Nilipofika namba nne sauti ikakatika kwenye huwezi kujua, na hapo, baada ya miaka yote hiyo, nikalia. Nililia kwa kelele, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Hakunishika. Alisubiri mpaka nikamaliza, nikapangusa pua kwa khanga.

Kisha akaniambia nisome tena, maana lori lilikuwa linapita, huenda hakusikia.